Gego Linaloitwa Mwamvua

Mwanaidi mwanangu,

Ninakuandikia nikiwa dukani, nimekalia jora la kitenge ambalo hakuna aliyeligusa tangu Idi, na wewe uko uani unawagombeza kuku kwa sauti ya mwenyekiti wa mtaa. Ningeweza kutoka nikakuambia yote haya ana kwa ana. Lakini kesho ukishapanda gari la Shinyanga, maneno ya mdomoni yatabaki hapa mtaani Nyahanga na mimi, karatasi itakwenda na wewe. Isome kwa kidole kama ulivyozoea. Ukichoka, mpe matroni wa bweni akusomee. Na wewe matroni, shikamoo kama umenizidi, na kama nimekuzidi basi marahaba. Soma kama nilivyoandika. Usiruke mahali ukidhani hataelewa. Anaelewa. Kinachomchelewesha ni kwamba anafikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo ukoo wa baba yake haujalizoea.

Mambo ya shuka, ndala, sabuni na nani wa kuazimwa simu sikuandikii. Hayo tumeyasema mpaka jana ukaniziba mdomo kwa kiganja. Nataka kukuandikia habari ya meno yako. Watu wakisikia watacheka: mtoto anakwenda chuo cha ufundi kujifunza kushona, analala mbali na mama yake kwa mara ya kwanza, na mama anakaa chini anaandika barua ya meno! Waache wacheke. Wakicheka watazame vizuri midomoni, utaona ni nani alipaswa kuandikiwa barua hii mapema zaidi.

Unajua kinachonikaa kooni. Tangu meno yako yalipoota mpaka mwezi uliopita, mswaki wako niliushika mimi. Chuoni wamesema kila mwanafunzi anajisafishia mwenyewe. Na fizi zako si za kuchezea. Watu waliozaliwa na Dauni kama wewe fizi zao huugua upesi, mizizi ya meno yao ni mifupi, jino likishalegea halina subira. Juu ya hapo una moyo ulioanza maisha na tundu, na uchafu wa fizi mbovu unaweza kuingia kwenye damu ukaufuata huko huko. Kwa hiyo si habari ya urembo.

Nianze na shangazi yako Mwamvua, maana ukitaka kujua ujinga ulikotokea ni vizuri kuanzia nyumbani.

Meno yako yalichelewa sana. Wenzako uliozaliwa nao msimu mmoja walikuwa wanaguguna mahindi ya kuchoma, wewe kinywani mna fizi tupu na tabasamu. Mimi sikuwa na haraka. Siku moja nakunywesha uji, kijiko kikagonga. Nikaangalia. Mawili, ya juu. Nikapiga kigelegele peke yangu jikoni. Sikujua kwamba kwa wakwe zangu mtoto akianza kuota meno ya juu ni kigego, mtoto wa mkosi, na kwamba zamani watoto wa namna hiyo walikuwa wanafanyiwa mambo ambayo sitayaandika hapa.

Mwamvua alikuja kutoka Maganzo na basi la kwanza. Habari ya meno mawili ilimfikia upesi kuliko habari zote nilizowahi kumtumia nikiwa na shida. Hakuvua hata viatu.

"Wifi, huyu ni kigego. Ndiyo maana duara la kaka halitoi kitu."

Baba yako wakati ule alikuwa na duara lake, shimo la kutafutia almasi, anashinda humo na vijana wake anatoa udongo.

"Wifi," nikamwambia, "duara la kaka yako lilikuwa halitoi kitu hata kabla hajanioa. Nililikuta hivyo hivyo."

"Na ulimi huo unaotoka nje? Na ulegevu huo? Ni meno ya plastiki yako chini ya fizi, yanamnyonya nguvu. Nimekuja na fundi."

Fundi mwenyewe alikuwa mama mmoja mnene, ana kitambaa mkononi, ndani ya kitambaa mna spoki ya baiskeli iliyochongwa ncha. Ndiyo dawa yake. Anachimba fizi za watoto kwa spoki, anatoa vijino vichanga ambavyo havijaota, anawaonyesha wazazi: tazameni, plastiki hii! Na wazazi wanamshukuru.

Nikamwuliza, "Hiyo spoki ni ya baiskeli ya nani?"

"Kwa nini, mama?"

"Namwonea huruma mwenye baiskeli. Lakini sawa. Anza na wifi yangu hapa, naye ana ulegevu tangu nimfahamu. Akipona, nitakupa mtoto."

Mwamvua akageuka kwa kaka yake. "Shabani, unamsikia mkeo?"

Baba yako akasema anatoka kidogo kuangalia mbuzi. Hatukuwa na mbuzi. Simdharau baba yako kwa hilo, au niseme namdharau kidogo tu, kiasi cha kawaida. Alirudi jioni na maziwa ya mtindi, akakulisha yeye mwenyewe, akagongagonga kijiko kwenye yale mawili ya juu ausikie mlio. Ndivyo alivyoomba radhi. Fundi alikwishaondoka na spoki yake, na Mwamvua hakula chakula changu mwaka mzima, ambao ulikuwa mwaka mzuri.

Yakaja mengine. Madogo, yameachana nafasi kama watu waliogombana, na mawili hayakutoka kabisa mpaka leo. Niliyapenda yote. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda, wewe unakaa chini mbele yangu, kichwa chako naegemeza kati ya magoti, napitisha mswaki. Ulimi wako ulikuwa unausukuma mswaki nje kama mlinzi wa getini. Nilipiga hodi kila siku mpaka mlinzi akanizoea.

Adui yangu hakuwa ulimi wako. Adui yangu alikuwa huruma ya watu. Katika mji huu wa Kahama mtu akimwona mtoto mwenye Dauni mkono unaingia mfukoni wenyewe, unatoka na peremende. Hawajui wakusemeshe nini, basi wanakupa sukari. Kondakta peremende, mwuza nyanya biskuti, mwalimu wa madrasa soda. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza habari za asubuhi. Yule babu wa Kihindi wa duka la vyombo ndiye alikuwa ananimaliza, kwa sababu ni mtu mwema kweli, na mtu mwema ni vigumu kumfukuza.

"Mama Mwanaidi, moja tu, huyu malaika."

"Malaika hawana meno, babu. Wangu anayo. Ukikutana na malaika mpe."

"Basi nimpe nini? Nataka kumfurahisha."

"Msalimie. Anajua kujibu."

Akakusalimia, ukajibu, ukamwuliza kwa nini sufuria zake zinauzwa na vumbi. Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Toka siku ile hujala peremende yake, na sufuria zake zinafutwa.

Sasa nije kwangu, maana sitaki udhani mama yako amepita duniani bila kujikwaa. Nimejikwaa. Na nilijikwaa nikiwa naringa, kama mtu anayetembea akitazama kivuli chake.

Nilikuwa najisifu kwa meno yako. Wajua mwenyewe. Mwanamke akija kununua kitenge na mtoto mwenye meno meusi, sikukosa la kusema: "Wangu huyu, pamoja na Dauni yake, hata jino moja halijatoboka." Na ilikuwa kweli. Nilichokuwa sikijui ni kwamba watu wa hali yako mara nyingi meno yao hayatoboki sana. Ugonjwa hauingilii mlango huo. Unaingilia kwenye fizi, unakaa kimya, unakula chini kwa chini.

Ulikuwa umeshavunja ungo nilipoanza kuona damu kwenye mswaki. Nikajiambia, nimesugua kwa nguvu. Nikapunguza. Damu ikazidi. Nikaona mahali panapotoka damu ni kidonda, na kidonda hakisuguliwi, basi nikawa nakwepa pale pale, nasugua sehemu nzima zilizo salama na kuzing'arisha. Mdomo ukaanza kunuka, nikasema ni kwa sababu unalala mdomo wazi. Kila kitu nilikuwa na jibu lake. Mtu mwenye majibu mengi kama mimi anachelewa sana kwenda kuuliza. Siku nilipoacha majibu, jino lako la mbele la chini lilikuwa linacheza kama mlango wa choo cha stendi.

Nikakupeleka kwa mtu. Sisemi wapi. Kijana ana koti jeupe limepigwa pasi vizuri kuliko kichwa chake. Umekaa kwenye kile kiti kikubwa, unamtazama, yeye ananiuliza mimi, juu ya kichwa chako:

"Anang'ata huyu?"

"Yuko hapo. Mwulize."

Hakuuliza. "Mama, hawa kwa kawaida tunang'oa tu, yote, inakuwa rahisi kwa mlezi. Kwani ana kazi nayo gani?"

Kabla sijatafuta neno la kumfaa, akakuingiza kidole mdomoni bila salamu wala hodi, kama anaingia chooni kwake. Ukafunga.

"Aaah! Mama! Kaning'ata!"

"Uliuliza. Umejibiwa."

Nakukataza kung'ata watu, Mwanaidi. Nakukataza kabisa. Lakini siku ile nilikununulia gauni. Tena kijana yule, na koti lake lote, hakuuliza habari ya moyo. Angeng'oa hivi hivi bila kujua anachokiamsha.

Tulikwenda kwa mwingine, Shinyanga mjini, yule dada mrefu unayempenda. Yeye alikusalimia kwanza, wewe. Akakwambia jina lake. Akasema leo hatufanyi kitu, leo tunakitazama kiti. Akakuachia ubonyeze kitufe, kiti kikapanda na kushuka na wewe mpaka wagonjwa nje wakaanza kulalamika, na yeye hakujali. Safari ya pili akakupa kioo kidogo ujitazame. Kabla ya kugusa chochote aliniuliza: moyo wake vipi? Akataka kwanza aongee na daktari wako wa moyo. Safari ya tatu ndipo alipokwangua ule ugaga, uchafu mgumu uliojishikiza chini ya fizi mfano wa saruji, na wewe umemshika koti kwa mkono mmoja. Lile jino moja halikuokoka. Mengine yalisimama.

Akaniambia, "Mama, pale panapotoka damu ndipo pa kusugua. Taratibu, lakini hapo hapo. Damu ni fizi inaomba isafishwe."

Nilimchukia, nikiwa nimekaa pale na mkoba wangu mapajani. Miaka yote nimesugua, anakuja msichana hata mvi moja hana. Halafu akaongeza, bila kuniangalia, anaosha vifaa vyake:

"Na mswaki anashika nani?"

"Mimi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nife."

"Na ukifa?"

Nilimwona hana adabu. Njia nzima kurudi Kahama nilimsema, na wewe uliniacha niseme, umelaza kichwa begani kwangu. Tulipofika ukashuka, ukaniambia, "Mswaki nishike mimi." Nikajifanya sijasikia. Nimejifanya sijasikia mpaka barua ya chuo ilipokuja. Sasa unajua kwa nini tumeanza mwezi uliopita tu, kwa haraka kama watu wanaohama.

Ulijifunza upesi kuliko nilivyotaka. Ule mpini mwembamba ulikuwa unakuponyoka, nikakata kipande cha ndala, nikakitoboa, nikauvisha mswaki, ukakaa mkononi. Usiku unaposaga meno nilikwishakuzoea, lakini kusahau magego ya nyuma sikukubali. Ndipo ukaanza mambo yako ya kuyapa majina. Kila jino mtu wa ukoo. Mimi niko mbele juu, nashukuru. Baba yako pembeni, ametulia. Na lile gego la nyuma kabisa kushoto, lililojificha, gumu kufikika, linalokusanya uchafu wote, ukaliita Mwamvua.

"Mbona shangazi yako umemweka huko?"

"Huko anakaa vizuri. Namsugua sana."

Mwanangu, mimi nimesoma mpaka darasa la saba na nimezunguka masoko kutoka Geita mpaka Maganzo, sijasikia maneno ya maana kama hayo.

Na mwenyewe Mwamvua juzi kaja kukuaga. Kaleta mfuko mzima wa pipi, ati za kukufariji bwenini. Akaniita pembeni kwa sauti yake ile ya huruma, sauti inayonukia kama maji ya maua yaliyochacha.

"Wifi, ungeyang'oa tu yote kabla hajaenda. Huko nani atamhangaikia? Uji upo, atakula uji."

"Na wewe wifi utakula nini," nikamwuliza, "maana naona umebakiwa na manne?"

Alikuwepo dukani bwana mmoja wa dhahabu wa Geita, mnunuzi, anachagua kitenge cha mwanamke ambaye nadhani si mkewe. Akaingilia, kwa kujua kwake kila kitu: "Lakini mama, mtoto kama huyu si angebaki tu nyumbani?" Na jino lake la mbele la dhahabu likang'aa, na chini yake fizi nyekundu imevimba. Nilimwonea huruma ya kweli, ile ile mnayopewa nyinyi. Nilimpa pipi moja ya Mwamvua.

Zilizobaki nimezigawa mtaani kwa watoto wa mahasimu wangu. Usiniulize zaidi.

Basi sikiliza hili, ndilo pekee nililoliandika kwa wino mzito. Mtu yeyote akitaka kukugusa jino, awe na koti jeupe au la kijani, kabla hajaingiza hata kijiko, mwambie: "Nina moyo uliokuwa na tundu. Mpigie kwanza daktari wangu wa moyo." Ukishasema, funga mdomo, usifungue mpaka amepiga. Ukimuudhi, vizuri. Fizi ikitoa damu, usiikimbie kama nilivyoikimbia mimi. Watu watakupa sukari wakikosa la kusema. Wewe wape la kusema, uwaulize habari za kazi.

Leo mchana, nimeacha karatasi hii hapa, nikaja uani nikakuta umeingia bafuni na kikombe chako na mswaki. Nikasimama mlangoni kama kawaida yangu. Ukageuka ukaniambia, "Mama, toka." Nikatoka. Ukafunga mlango kwa komeo. Nilisikia mswaki unakwenda, unasimama, unakwenda. Nilisikia unamsema Mwamvua. Ulipotoka nilikuwa nimeshajiandaa kukagua, nimevaa na miwani. Ukapita pembeni yangu, mdomo umefumba, ukaenda zako kwa kuku.

Nilikaa pale nikiwa na hasira nisijue nimwelekezee nani. Na nilitafuta kweli, mimi huwa sikosi mtu.

Nilikuwa nimepanga jambo ambalo hukulijua. Nilikuwa nimpigie matroni kesho, nimwombe kwa siri akushikie mswaki jioni, kwa upole, usijue ni mimi. Namba yake iko hapa mbele yangu. Sipigi. Ningekuwa nimekupa peremende.

Kwa hiyo matroni, kama ni wewe unayesoma mpaka hapa: usimshikie. Mwulize tu kama ameshapiga mswaki, kwa sauti ile ile unayowaulizia wengine. Akisema ndiyo, mwamini. Ukigundua kadanganya, mgombeze mbele ya wote, kama unavyomgombeza mwanafunzi yeyote.

Mimi mama yako,
Mama Mwanaidi